Ripoti inasema ateri ya ubongo "si ya kawaida": maana yake nini hasa?

Kila kijana anapofariki ghafla kwa kiharusi, mitandaoni hukosi kusoma sentensi hii: "Alizaliwa na mshipa mbovu kichwani." Wakati huohuo kuna mtu mwingine, mzima kabisa, ameshika majibu ya MRI aliyopigwa kwa sababu ya maumivu ya kichwa. Humo imeandikwa kwamba ateri yake moja ni nyembamba tangu kuzaliwa, au inatokea mahali pasipo pake, au haipo kabisa. Anaziunganisha habari hizo mbili, na usingizi unamruka.

Vipimo vya picha vimekuwa vikali kuliko zamani na watu wengi zaidi wanapigwa, kwa hiyo majibu ya namna hii yanazidi kuonekana. Walio nayo hawajaongezeka. Ni sisi tunaowaona zaidi. Mengi ya majibu hayo hayana madhara yoyote. Machache yana uzito, na uzito wenyewe mara nyingi uko mahali ambapo mgonjwa hakufikiria kuutafuta.

Tuweke maneno sawa kwanza. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini. Vena ni mshipa unaoirudisha. Katikati yao kuna kapilari, vimishipa vyembamba mno ambamo damu huacha oksijeni na chakula. Tofauti ya kuzaliwa ya ateri ni pale ateri ilipojengeka kinyume na inavyochorwa vitabuni: imeanzia kwingine, imepita kwingine, imebaki nyembamba, imekuwa moja badala ya mbili, au haikujengeka. Ukuta wake kwa kawaida ni mzima na damu inapita vizuri.

Hali hiyo huchanganywa na mambo mengine matatu. La kwanza ni aneurizimu, yaani kifuko kinachotuna pale ukuta wa ateri ulipodhoofika. Aneurizimu nyingi mtu hazaliwi nazo. Hujitokeza ukubwani, na shinikizo la juu la damu na sigara huzichochea. La pili ni kishada cha mishipa ambamo ateri humwaga damu moja kwa moja ndani ya vena bila kupitia kapilari. Hicho mara nyingi huhesabiwa kuwa cha kuzaliwa nacho, na kinaweza kupasuka na kuvuja damu. La tatu ni kiharusi chenyewe, ambacho ni tukio: sehemu ya ubongo inakosa damu kwa kuziba kwa ateri, au ateri inapasuka. Mtu anaweza kuwa na tofauti ya kuzaliwa maisha yake yote asipate hata moja kati ya hayo matatu.

Ramani ya vitabuni

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula takriban asilimia 20 ya oksijeni tunayotumia tukiwa tumetulia. Hauna ghala la maana. Damu ikikatika, dakika chache zinatosha kuharibu seli.

Damu hiyo hupanda kwa ateri nne. Mbili ni karotidi za ndani, zinazopita mbele ya shingo, kushoto na kulia. Ukigusa pembeni ya koromeo unahisi mapigo ya karotidi kubwa zinakotokea hizi. Mbili nyingine ni ateri za vetebra, zinazopita nyuma, ndani ya vitundu vya mifupa ya shingo. Hizi za nyuma zikishaingia kwenye fuvu huungana kuwa ateri moja iitwayo basila, ambayo hulisha shina la ubongo na ubongo wa nyuma, kule kunakoongozwa kupumua, usawa wa mwili na kuamka.

Chini ya ubongo, mifumo hiyo ya mbele na nyuma hukutana kwenye pete ya mishipa inayoitwa duara la Willis. Fikiria kipilefti kinachoingiwa na barabara tatu kubwa: karotidi ya kulia, karotidi ya kushoto, na basila kutoka nyuma. Barabara moja ikifungwa, magari kutoka nyingine mbili yanazunguka na kufika kule kulikokatika. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba hauhitaji kungoja amri ya mtu; shinikizo likipungua upande mmoja, damu yenyewe inaelekea huko.

Pete hiyo inabeba jina la Thomas Willis, daktari Mwingereza aliyeichapisha mwaka 1664 katika kitabu chake kuhusu ubongo. Baadhi ya michoro ilichorwa na Christopher Wren, yuleyule aliyekuja kusanifu kanisa kuu la St Paul's jijini London. Willis hakuwa wa kwanza kuiona, ila alikuwa wa kwanza kueleza vizuri kazi yake. Aliandika habari za mtu aliyekufa kwa ugonjwa mwingine, ambaye alipopasuliwa alikutwa na karotidi moja imeziba karibu kabisa, na ateri ya vetebra ya upande huohuo imepanuka mara tatu kuliko mwenzake. Mtu huyo hakuwa amepata kiharusi. Damu ilikuwa imepata njia nyingine.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwenye majibu mkononi alijue kabla ya lolote: ile pete kamili, yenye vipande vyote vya unene unaofanana, haipatikani kwa watu wengi. Katika tafiti nyingi, wenye pete ya namna ya vitabuni hawafiki hata nusu. Kipande kimoja huwa chembamba, kingine hakipo. Neno "kawaida" hapa lina maana ya mchoro wa kufundishia, na wengi wetu hatufanani na mchoro.

Zile unazoweza kukutana nazo sana

Hizi nitazipitia haraka, kwa sababu ndizo zinazojaza ripoti na ndizo zenye madhara madogo zaidi.

Ateri moja ya vetebra kuwa nyembamba kuliko nyingine ni jambo la kila siku kwa wataalamu wa radiolojia. Mara nyingi ile ya kushoto ndiyo kubwa. Wengi huita nyembamba ile iliyo chini ya milimita 2, ingawa hakuna mpaka mmoja waliokubaliana wote. Kwa kuwa zote mbili zinaishia kwenye basila, kubwa humbebea mdogo wake mzigo.

Karibu watu 5 kati ya 100 wana ateri ya vetebra ya kushoto inayochipuka moja kwa moja kutoka kwenye mshipa mkuu wa moyo badala ya kuchipuka kwenye ateri ya mkono. Hawajui, na hawana sababu ya kujua mpaka siku mtu atakapotaka kupitisha mrija humo.

Halafu kuna ile inayoitwa ateri ya nyuma ya aina ya kijusi, ambayo huonekana kwa zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi katika tafiti nyingi. Eneo la nyuma la ubongo, linaloshughulika na kuona, linaendelea kulishwa na karotidi ya mbele kama lilivyokuwa tumboni mwa mama. Lina kisa chake: damu iliyoganda ikitoka kwenye karotidi, inaweza kumpotezea mtu nusu ya uwezo wa kuona, jambo ambalo daktari angetarajia litoke kwenye mishipa ya nyuma. Asiyeijua ramani ya mgonjwa huyo atatafuta chanzo mahali pengine.

Zile adimu kweli

Kuzielewa hizi inabidi turudi kwenye wiki ya nne hadi ya sita ya mimba. Kiinitete kina urefu wa milimita chache, na ubongo unakua kwa kasi kuliko mfumo wa damu unaoulisha. Ateri za vetebra na basila bado hazijakamilika. Kwa muda huo, sehemu ya nyuma ya ubongo hulishwa na vimishipa vya muda vinavyotoka kwenye karotidi za mbele. Ni sawa na mchepuko unaofunguliwa wakati barabara kuu bado inajengwa. Barabara kuu ikikamilika, mchepuko unafungwa na kusahaulika. Kwa kiinitete, hilo huchukua takriban wiki moja tu.

Tunayajua haya kwa kiasi kikubwa kwa kazi ya Dorcas Padget, Mmarekani aliyeanza kama mchoraji wa picha za kitabibu. Mwaka 1948 alichapisha uchunguzi wake wa namna mishipa ya kichwa inavyojengeka hatua kwa hatua kwenye kiinitete, na hadi leo michoro yake inatumika. Si kila aliyebadilisha tiba alikuwa daktari.

Kuna nyakati ambapo mchepuko haufungwi. Unaobaki mara nyingi zaidi ni ule unaoandamana na neva ya tatu-pacha, ile inayohisi usoni, ndiyo maana huitwa ateri ya trijemina iliyodumu. Huonekana kwa mtu 1 hadi 6 kati ya 1000. Mtaalamu wa Uingereza, Richard Quain, aliieleza mwaka 1844 kutokana na maiti, zaidi ya karne moja kabla haijaonekana kwenye picha ya mtu aliye hai. Mwenye nayo ana daraja la moja kwa moja kati ya karotidi na basila. Kwa wengi haina dalili yoyote, na kwa wachache imehusishwa na maumivu makali ya uso pale inapoigusa neva hiyo.

Umuhimu wake unajitokeza kwa mpasuaji. Aina moja ya ateri hii hupita katikati kabisa, karibu na tezi ya pituitari, ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inayoongoza homoni, au hata ndani ya kibonde chake. Tezi hiyo siku hizi hufanyiwa upasuaji kwa kupitia puani. Mpasuaji asiyejua kwamba kuna ateri nene njiani anaweza kuikata, na damu itakayotoka hapo haizuiliki kirahisi. Akijua, anabadilisha njia. Ateri ni ileile na mgonjwa ni yuleyule, ila taarifa ndiyo iliyoleta tofauti.

Mchepuko wa pili kwa kuonekana hupita kwenye tundu la neva inayosogeza ulimi, chini ya fuvu, na ni adimu zaidi. Mara nyingi mwenye nao ana ateri za vetebra nyembamba mno au zisizofika popote, maana yake ni kwamba shina lake la ubongo linategemea karotidi moja. Ukimbana karotidi hiyo ili uisafishe mafuta yaliyojazana, umebana pumzi yake pia. Hapa nasema wazi kwamba hii ni tofauti ambayo singeiita "isiyo na madhara" bila kuongeza neno "mpaka".

Kisha ipo hali inayowashtua watu kuliko zote wanapoisoma: karotidi ya ndani haipo. Hutokea kwa chini ya mtu 1 kati ya 10,000, na ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1787. Wengi wenye hali hii wanaishi kama watu wengine, kwa sababu kile kipilefti kilijengwa tangu mwanzo kwa kujua kwamba barabara moja haipo, na nyingine zilipanuka kufidia.

Ila namna madaktari wanavyoithibitisha inafaa kusimuliwa. Ateri ya karotidi huingia kwenye fuvu kwa kupitia mfereji wa mfupa. Mfereji huo hauchimbwi kwanza kisha ateri ikapita. Mfupa hujengeka ukiizunguka ateri iliyokwisha kuwapo. Kama ateri haikuwapo, mfereji haujengeki. Kwa hiyo mgonjwa anapoletwa na picha inaonyesha karotidi haipitishi damu, daktari hutazama mfupa kwa kipimo cha CT. Mfereji ukiwapo, maana yake ateri ilikuwapo na imeziba au imechanika, na hiyo inaweza kuwa dharura. Mfereji usipokuwapo, hakuna kilichoziba. Hapakuwahi kuwa na kitu.

Hali hiyo ina angalizo moja. Kati ya wagonjwa walioripotiwa, takriban robo hadi theluthi walikutwa na aneurizimu, wakati kwa watu wote kwa ujumla ni kama 3 kati ya 100. Damu nyingi inapolazimishwa kupita njia chache, kuta za njia hizo huchoka. Lakini soma takwimu hiyo kwa makini: walioripotiwa ni wale waliofika hospitali kwa shida fulani. Wasio na shida hawapigwi picha, na hawahesabiwi. Kwa hiyo kuwachunguza kwa picha mara kwa mara kuna mantiki. Kuwaambia wamebeba bomu hakuna.

Nyingine mbili fupi. Kuna watu ambao karotidi yao inapita ndani ya sikio la kati. Wanaweza kusikia mapigo ya moyo sikioni, na daktari akichungulia nyuma ya ngoma ya sikio anaona kitu chekundu kinachofanana na uvimbe. Kukitoboa ili kuchukua kipande cha kupima ni kosa kubwa, maana ni ateri. Picha hutangulia sindano.

Ya pili ni ateri ya Percheron, iliyopewa jina la Mfaransa Gérard Percheron aliyeifafanua mwaka 1973. Ndani kabisa ya ubongo kuna vituo viwili, kulia na kushoto, vinavyohusika na kuamka na fahamu. Kwa kawaida kila kimoja kina ateri zake. Kwa baadhi ya watu, ateri moja ndogo inavilisha vyote. Ikiwa wazi, hakuna tatizo lolote. Ikiziba, vituo vyote viwili vinakosa damu kwa wakati mmoja, na mgonjwa analetwa akiwa na usingizi mzito usioelezeka, au amezimia, au macho hayapandi juu, bila ule mkono kulegea au mdomo kupinda ambao watu wamefundishwa kuutazama. CT ya mapema inaweza kuonekana safi. Ndugu watasema amelewa au amechoka. Tofauti hii huwa haimo hata kwenye ripoti za picha, kwa kuwa ateri yenyewe ni ndogo mno kuonekana.

Yanayosemwa mitaani

"Ni ya ukoo, watoto wapimwe wote." Nyingi ya tofauti hizi hutokea zenyewe katika ujenzi wa kiinitete, na hazifuati ukoo kwa namna inayohitaji kupima familia nzima. Kinachoweza kufuata familia ni aneurizimu: mwenye ndugu wa karibu wawili au zaidi waliopata aneurizimu anapaswa kulitaja hilo kwa daktari. Upo pia mkusanyiko wa dalili kwa watoto wachanga, ambapo alama kubwa nyekundu ya mishipa usoni huambatana na kasoro za ateri za kichwani. Mtoto wa namna hiyo huchunguzwa kwa makusudi.

"Mama alikula au alifanya kitu." Hapana. Mambo haya huamuliwa katika wiki ambazo wanawake wengi ndio kwanza wanagundua wana mimba, na hakuna chakula, kazi wala mkao wa kulala unaojulikana kufunga au kuacha mchepuko wazi.

"Ndiyo inayoniumiza kichwa." Mara nyingi sana siyo. Mtu alipigwa picha kwa sababu ya kipandauso au msongo, picha ikaonyesha jambo lililokuwapo tangu kabla hajazaliwa, na jambo hilo likabebeshwa lawama kwa sababu tu ndilo lililoonekana. Maumivu yalianza mwaka jana. Ateri ina umri sawa na wako.

"Kuna dawa ya kuizibua." Ateri iliyojengeka nyembamba haijaziba, kwa hiyo hakuna cha kuzibua. Dawa ya kulainisha damu nayo si ya kujianzishia kwa sababu ya ripoti. Ina sababu zake na ina hatari ya kuvujisha damu. Anayeuza chupa ya "kusafisha mishipa ya kichwa" kwa mtu wa namna hii anauza jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la kudharau kabisa kwa kuwa "daktari kasema ni ya kuzaliwa". Mwenye pete isiyo kamili ana akiba ndogo ya njia mbadala endapo ateri kubwa itaziba. Kwa hiyo shinikizo la damu, kisukari na sigara, ambavyo ni vibaya kwa kila mtu, kwake vina nafasi finyu zaidi ya kusamehewa. Na maumivu ya kichwa yanayolipuka ghafla, makali kuliko yote aliyowahi kuyapata, au mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama, ni ya kukimbiziwa hospitali dakika hiyo, awe na ripoti ya namna yoyote.

Ukiwa na karatasi mkononi

Muulize daktari mambo haya bila haya. Je, hii ni tofauti ya ujenzi tu, au kuna kitu kimeziba, kimetuna au kimechanika? Je, dalili zangu zinaelezwa na hiki kilichoonekana, au kimekutwa kwa bahati? Je, picha inahitaji kurudiwa, na kama ndiyo, baada ya muda gani na kwa sababu gani? Mara nyingi jibu la swali la mwisho ni kwamba haihitaji, na hilo ni jibu kamili, halimaanishi umepuuzwa.

Kisha omba nakala ya picha zenyewe, siyo ripoti pekee. Zitunze, na uzitaje kabla ya upasuaji wowote wa shingo, sikio, pua au tezi ya pituitari, na kabla ya kipimo chochote cha kupitisha mrija kwenye ateri kuelekea kichwani. Usingoje uulizwe, fomu nyingi za kabla ya upasuaji huuliza kuhusu mzio, pumu na dawa unazotumia, na hazina mstari wa kuuliza ateri zako zinapita wapi.